Mada: EHO (mkaguzi wa chakula wa kaunsili) kaja, kastadi ya nazi na mahamri ya vigani (nisaidieni kabla ya Jumamosi)

Kutoka: Mama Nuru, Midlands
Jumatatu, saa 4:10 usiku

Asalaam aleikum jamaa,

Mtanisamehe kwa urefu. Wengi humu mwajua kuwa nimeanza kuuza mahamri ya kujaza, napikia jikoni kwangu huku Uingereza. Ndani natia tende, au nazi ya sukari na iliki, au kastadi ya tui. Hamna maziwa, hamna yai, hamna siagi. Wanunuzi ni Wazungu wa mtaani wasiokula chochote cha mnyama, hata asali hawaigusi. Wajiita vigani. Baba Nuru alipokuwa Malindi nilimwelezea kwa simu, akauliza, "Wapika vyakula vigani?" Nikamwambia ndivyo hivyo, vigani. Tulizungushana mpaka salio likaisha.

Fomu ya kaunsili ya kusajili biashara ya chakula nilijaza mtandaoni, zile siku 28 za kungoja kabla ya kuuza zikapita, sikusikia neno. Leo asubuhi EHO kabisha hodi. Mama mpole, kavua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Kafungua friji, katia kipimajoto chake, kaandika. Kisha kaangalia karai likiwa limeangikwa ukutani, kauliza: ni hili moja tu? Ndiyo. Na sambusa za nyama wakaangia wapi? Hapo nikaangalia dirishani.

Jioni imekuja email. Nijaze upya, kwa sababu niliandika "mikate" na yeye kaona kastadi. Anataka SFBB yangu yote (lile daftari la usalama wa chakula), na chati ya aleji. Jumamosi nina oda ya mahamri 60, watu wameshalipa.

Naulizia mambo mawili tu. Moja, mahamri yenye kastadi ya nazi yahesabiwa ya friji au ya mezani? Nikiyatia friji yanakauka, kesho yake mtu aweza kumpigia mwizi. Pili, kwenye sehemu ya mafuta niandike nini?

---

Kutoka: Mwana Langoni, Kanada
Jumatatu, saa 5:02 usiku

Waaleikum salaam dadangu. Pole sana. Ofisi ni ofisi, duniani kote. Mimi huku nilitaka leseni ya kuuza bajia na chai ya tangawizi kwenye sherehe moja ya mtaa. Wakanitaka mchoro wa jiko. Nikachora. Wakasema haukupimwa. Nikapima. Wakasema sinki moja haitoshi. Mwisho nikaenda kwenye sherehe kama mteja, nikanunua bajia ya Mhindi dola sita, na haikuwa na bizari.

Kwa hivyo usivunjike moyo.

---

Kutoka: Shangazi wa Shela, Bristol
Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mwana Langoni, hujajibu swali.

Mama Nuru mwanangu, mimi nina neno kuhusu jina kwanza. Mahamri ni ya hamira, jina lenyewe lasema. Yakishapasuliwa tumboni na kutiwa kastadi, hayo ni mengine, yatafutie jina lake. Na huo uvigani msituuzie kama kitu kipya. Unga, sukari, iliki, hamira, tui la nazi. Mtu akikanda kwa tui badala ya maziwa, mnyama kaingilia wapi? Na mbaazi za nazi pembeni. Kitumbua nacho ni mchele na tui. Mamangu kafa na miaka themanini na kitu, asubuhi zake nyingi zilikuwa za vigani na hakuwahi kutangaza.

Swali langu: hiyo ndani ya tende waitia kabla ya kukaanga au baada? Maana ukitia kabla na ukingo ukafunguka, sukari inaungulia kwenye mafuta na karai zima limeharibika.

---

Kutoka: Mpita Njia, Minnesota
Jumanne, saa 9:30 alasiri

Salaam. Angalieni sana hapa: nazi ni aleji ya karanga za mitini (tree nuts). Lazima iandikwe kwa herufi nzito. Na hiyo kastadi isizidi 41, vinginevyo ni sumu. Huku kwetu kwa sheria ya wapishi wa nyumbani, kitu chochote kinachotaka friji huruhusiwi kabisa kuuza.

---

Kutoka: Mama Nuru, Midlands
Jumanne, saa 9:41 alasiri

41?? Hiyo si friji, hiyo ni Garissa.

---

Kutoka: Mkalimani, Leeds
Jumanne, saa 1:20 usiku

Jamani, kabla hatujamuua mtu kwa ushauri. 41 ya Mpita Njia ni Farenhaiti, sawa na 5 za kwetu. Na huku Uingereza nazi HAIMO katika zile aleji 14 za lazima kutajwa. Zilizomo za karanga za mitini ni lozi, korosho, jozi, pistachio na wenzao. Hata huko Marekani kwenyewe FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, waliitoa nazi kwenye orodha Januari 2025, Mpita Njia labda hakuletewa barua. Kinachomhusu Mama Nuru ni ngano, soya kama atumia maziwa ya soya, na ufuta kama anyunyiza juu. Akiwa afunga kwenye mifuko kabla mteja hajachagua, hiyo ni PPDS (chakula kilichofungwa tayari kabla ya kuuzwa), sheria ya Natasha ya Oktoba 2021: viungo vyote kwenye lebo, aleji zikolezwe.

Tena lebo ya "vigani" si ulinzi wa aleji. Ni vitu viwili mbali mbali, watu wazichanganya kila siku.

Ila mimi naona mmeruka la msingi. Visa. Mama Nuru, uko kwa visa gani? Kama ni Skilled Worker, ile visa ya kazi, kujiajiri kuna masharti makali, hata kwa andazi moja. Kama ni tegemezi wa mume, kwa kawaida ruhusa unayo. Ingia kwenye eVisa, ile visa ya mtandaoni, usome masharti; BRP, ile kadi ya ukaazi, sasa ni pambo. Na ukipita mauzo ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, HMRC, watu wa kodi, wakutaka ujiandikishe, upate UTR, namba ya mlipa kodi.

---

Kutoka: Mama Nuru, Midlands
Jumanne, saa 1:48 usiku

Kaka Mkalimani ahsante, visa yangu haina tatizo, UTR ninayo tangu mwaka juzi. Nauliza kuhusu kastadi.

---

Kutoka: Mpita Njia, Minnesota
Jumanne, saa 3:05 usiku

Sikupenda lile la barua. Nimekaa nchi hii miaka kumi na tisa.

---

Kutoka: Kaka wa Barani, Malindi
Jumatano, saa 10:50 alfajiri

Hodi. Mimi nilirudi nyumbani miaka minne iliyopita, niko jikoni la hoteli, zamu ya tanuri. Nawaandikia unga ukiwa wapumzika.

Hapa Malindi hilo jambo lenu twalifanya kila siku kwa sababu ya Wataliano. Tangu enzi za San Marco, kile kituo chao cha roketi, wapo, na Mtaliano bila kornetto (ule mkate wao wa tabaka, kama kruasani) na kahawa asubuhi hazungumzi na mtu. Sasa wageni wao nao wamekuwa vigani, basi nikaambiwa nitengeneze korneti bila siagi. Wiki ya kwanza nilijifanya mjanja, nikatumia mafuta ya nazi, si ndiyo tunayo? Yakaniaibisha. Mafuta ya nazi yayeyuka kama kwenye 24. Chini ya hapo ni mshumaa: ukisukuma chapati ya unga yanavunjika vipande vipande ndani, tabaka zinatoboka. Juu ya hapo ni maji. Na Malindi saa kumi na moja alfajiri ishafika 26. Korneti zikatoka zimelala kwenye dimbwi, chini zimekaangika, juu mbichi.

Kinachofaa ni siagi ya mimea ya kipande, ile ngumu ya kufungwa kwa karatasi. Ya kopo ina maji mengi. Isukume iwe bapa, iwe na ubaridi sawa na unga, ukiikunja siagi kwa vidole ipinde isivunjike. Kunja mara tatu kwa tatu, kila mkunjo friji nusu saa. Tabaka 27 hizo. Ukiziacha ziumuke usiziweke pahali pa joto kama mahamri, siagi itatoroka. Badala ya yai juu, paka maziwa ya soya yenye sukari kidogo, zinapata rangi.

Kastadi: tui 400 mililita, kornfloa gramu 40, sukari gramu 80, chumvi chembe, binzari ya manjano ncha ya kisu tu. Ukizidisha binzari ni pilau. Koroga baridi kwanza, kisha motoni mpaka ichemke kweli, iseme "bwaku bwaku" dakika moja, la sivyo ladha ya unga haitoki. Funika na plastiki igusane na uso wake isifanye utando. Na sisi twajaza BAADA ya kuoka, kwa sindano, asubuhi ile ile. Shangazi, jibu lako ni hilo.

Mama Nuru, kastadi ikae friji peke yake, mahamri yakae nje, wajaza ukikaribia kuuza. Karatasi za serikali za huko mimi sizijui.

---

Kutoka: Shangazi wa Shela, Bristol
Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Kaka wa Barani, Mungu akuweke. Lakini sindano ni ya hospitali.

---

Kutoka: Mwana Langoni, Kanada
Jumatano, saa 11:30 jioni

Mumenitia ndaa nyote. Yana nje digrii kumi chini ya sifuri, nami nasoma habari za tui. Waliokua Langoni, kwetu Lamu, wajua: bibi akaa na karai lake baada ya swala ya alfajiri, kibao, mti wa kusukumia, na kopo la unga wa kunyunyiza. Hutumwa na sarafu moya. Ukifungiwa kwenye gazeti la juzi, mafuta yakitota waweza kusoma habari za ukurasa wa pili kupitia wa kwanza. Hakuna cha kujaza. Cha kujaza ni ndaa yako.

Sasa hata nazi yenyewe bei imepanda, na vijana badala ya kukwea minazi wangojea kazi za bandari mpya ya Lamu. Ile gati ya kwanza ilifunguliwa 2021, nao wavuvi wetu 4,600 Mahakama Kuu iliwapa shilingi bilioni 1.76 za fidia tangu 2018. Niulizeni ammi yangu kaona nini mkononi mpaka leo.

---

Kutoka: Kaka wa Barani, Malindi
Jumatano, saa 12:10 jioni

Mwana Langoni, angalau nyinyi mna bandari ya kulalamikia. Sisi tuna nguzo ya Vasco da Gama.

---

Kutoka: Mkalimani, Leeds
Jumatano, saa 12:31 jioni

Na makaa ya mawe je? Mliipinga stesheni ile ya umeme ya Lamu mpaka baraza la kesi za mazingira likafuta leseni 2019. Kwa hivyo msiseme hamsikizwi.

---

Kutoka: Mwana Langoni, Kanada
Jumatano, saa 12:33 jioni

Wewe wa Leeds wajua nini kuhusu Lamu? Ulifika mara moya, ukaugua bahari toka Mokowe. Dakika ishirini za maji!

---

Kutoka: Msimamizi
Jumatano, saa 2:00 usiku

Tafadhali. Mada ni kastadi. Wenye mambo ya bandari wafungue mada yao. Jina la kaunsili lisitajwe humu, Mama Nuru amefanya vyema kutolitaja.

---

Kutoka: Mpita Njia, Minnesota
Alhamisi, saa 6:15 mchana

Nimeuliza jamaa wa afya ya jamii hapa. Saa nne nje ya friji, ukizidi tupa. Hiyo ni sheria ya dunia nzima.

---

Kutoka: Mkalimani, Leeds
Alhamisi, saa 6:40 mchana

Hakuna sheria ya dunia nzima. Kwa England ni 8 sentigredi kushuka chini, na ukipanga kwa mauzo waweza kukaa saa nne nje, mara MOJA tu; ukiirudisha friji, huitoi nje tena mara ya pili. Ila namba imetokea kuwa sawa, nakubali.

---

Kutoka: Shangazi wa Shela, Bristol
Alhamisi, saa 1:05 usiku

Basi ndiyo iwe mmepatana. Mama Nuru nunua karai la pili. Hilo swali la mafuta halina fomu, lina duka. Sambusa ya nyama na vigani hawawezi kuogelea pamoja, hata sisi tungekasirika wakitukaangia viazi penye nguruwe.

---

Kutoka: Mama Nuru, Midlands
Jumapili, saa 3:20 asubuhi

Jamaa,

Sikuweza kusoma zote, Nuru alikuwa na homa. Kaunsili nilipiga Ijumaa, nikashikiliwa kwenye muziki dakika 52, kisha kijana akaniambia EHO wangu yuko likizo mpaka tarehe kumi na mbili, niandike email. Email ile ile niliyokwisha andika.

Basi Jumamosi nilikwenda na mahamri ya tende peke yake, karai jipya. Wateja 14 niliwarudishia pesa za kastadi. Mmoja, mzee ana ndevu mpaka hapa, alionja la tende akafumba macho, kauliza hili laitwaje. Nikamwambia mahamri. Kajaribu mara tatu: mahambri, mahamiri, mahamuri. Kachukua sita.

Lakini fomu bado ipo mbele yangu, na kile kisanduku cha kastadi sijui nitie alama wapi. Kaka wa Barani kasema friji, huyu mwingine kasema saa nne. Zote mbili? Au ni moja kwa nyumbani na moja kwa mezani?

---

Kutoka: Mwana Langoni, Kanada
Jumapili, saa 11:50 jioni

Alhamdulillahi umeuza. Naulizia jambo jingine: kuna ayae huku toka Lamu au Malindi mwezi huu? Nataka mbuzi ya kukunia nazi. Ile yangu mwaka juzi niliifunga kwenye begi la mkononi, uwanja wa ndege wakaitoa wakaisimamisha mezani, polisi watatu waizunguka, moya kauliza waikalia vipi. Nikawaonesha. Walicheka, lakini hawakunirudishia. Safari hii itiwe kwenye begi kubwa, meno yafungwe kwa kitambaa.

---

Kutoka: Kaka wa Barani, Malindi
Jumatatu, saa 10:35 alfajiri

Binamu yangu asafiri tarehe ishirini, lakini apitia Doha na kilo zake zimejaa. Ya mbao au ya kukunja?