Naombeni ushauri: mada ya mwanga kidato cha kwanza, nianzie wapi?

Mwalimu wa Pasua: Wakuu, habari zenu, na shikamooni wakubwa. Nafundisha fizikia hapa Moshi. Jumatatu naanza mada ya mwanga. Mwaka jana nilianza kwa kuchora miale na pembe zake ubaoni, dakika kumi hazijaisha nusu ya darasa wamelalia madawati. Prizimu, kile kioo cha pembetatu cha kutawanya mwanga, hatuna. Watoto wana akili, ila sikuwapa mlango wa kuingilia, na jambo hilo limeniuma mwaka mzima.

Mama N: Mwalimu, weka chaki chini. Tafuta boksi la viatu, toboa tundu la sindano upande mmoja, upande wa pili kata dirisha ubandike karatasi nyeupe uliyoipaka mafuta. Toka nao saa mbili asubuhi kabla wingu halijafunika mlima. Kila mtoto ajifunike kanga kichwani, aelekeze tundu kwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubiri macho yazoee giza. Atauona mlima kwenye karatasi, mdogo, umesimama kichwa chini, theluji ikiwa upande wa ardhi! Binti mmoja wa darasa langu aligeuza boksi akidhani amelishika vibaya. Mlima ukabaki vilevile. Usiwape jibu hapo, waache wabishane mpaka wafikie wenyewe kwamba mwanga unakwenda mstari mnyoofu: wa kileleni ukipita tunduni unatua chini.

Fundi Bati: Naongezea. Tundu la msumari kwenye bati hata likiwa na pembe, doa lake sakafuni ni duara, kwa sababu ile ni picha ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa likabaki pete, nilikuwa Rujewa, Mbeya. Chini ya miti kulijaa pete za mwanga.

Mzee wa Darubini: Vizuri, ila mwalimu, wakataze kabisa kuchungulia jua kupitia tundu. Jua linapofusha macho ya watu. Na waambie habari za Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra, Iraq, yapata miaka 1,000 iliyopita. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu, akifunika moja, doa lake tu linapotea ukutani. Mishumaa mitatu inatosha kulirudia.

Mwalimu wa Pasua: Ahsanteni sana. Nimeshapata maboksi tisa soko la Mbuyuni. Mafuta ya kula au ya taa?

Mama N: Ya kula, mwalimu. Ya taa usiyasogeze karibu na mishumaa.