Diski mpya inaandika polepole: je, chanzo ni mahali patisheni inapoanzia?

Swali, kutoka Bukavu

Ndugu zangu, salamu kutoka Kadutu. Katika ofisi yetu ya kuchapa hati tulihamishia Windows XP kwenye diski mpya ya terabaiti 1, kwa programu inayonakili diski nzima jinsi ilivyo. Kusoma faili hakuna shida, lakini kuhifadhi faili ndogo nyingi kwa mpigo huchukua muda mrefu kuliko zamani. Niliwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, na amri ya fdisk -l ikaonyesha kwamba patisheni ya kwanza (sehemu ya diski iliyotengwa peke yake) inaanzia sekta ya 63, sekta ikiwa kipande kidogo cha diski, na kwamba sekta ni baiti 512 kimantiki, lakini 4096 kimaumbile. Je, tarakimu hizi zinahusiana na uzito huu?

Jibu, kutoka Goma

Zinahusiana moja kwa moja, ndugu. Diski yako huandika kwa vipande vya baiti 4096, ingawa huiambia kompyuta kwamba vipande vyake ni vya 512 ili mifumo ya zamani iielewe. Sekta nane za kimantiki hukaa ndani ya sekta moja ya kimaumbile. Kwa kuwa 63 haigawanyiki kwa 8, kila klasta (fungu la sekta) ya kilobaiti 4 ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, inavuka mpaka na kugusa sekta mbili za kimaumbile. Ili kuiandika, diski hulazimika kwanza kusoma sekta hizo, kubadilisha sehemu inayohusika, kisha kusubiri sahani izunguke tena ndipo iandike. Katika diski ya mizunguko 7200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8, na faili ndogo ndizo zinazoulipia kila mara. Kusoma hakuathiriki sana, jambo linalolingana kabisa na unayoyaeleza.

Windows tangu Vista huanzia sekta ya 2048, yaani mebibaiti (MiB) 1 kamili. XP ilirithi 63 kutoka enzi ambapo njia moja ya diski ilihesabiwa kuwa na sekta 63.

Jibu, kutoka Bukavu

Tumia GParted, programu ya Linux ya kupanga patisheni, chagua kupanga kwa MiB, uisogeze patisheni. Lakini nakuomba sana: nakili data yote kwenye diski nyingine kwanza. Kusogeza huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati, patisheni inaweza kuharibika yote. Kama mashine ni ya mezani na haina betri ya akiba, usianze. Windows ikikataa kuwaka baadaye, CD yake ya usakinishaji hurekebisha mwanzo wa patisheni.

Muulizaji

Nashukuru. Nina patisheni ya pili yenye hati za wateja. Je, nayo isogezwe?

Jibu, kutoka Goma

Angalia inapoanzia: ikigawanyika kwa 8, iache. Usitegemee tu diski inavyojitambulisha, kwani baadhi husema 512 pande zote mbili ilhali ndani ni 4096.