Naombeni ushauri: nataka fani ya friji na AC, nianzie kwa fundi wa mtaani, VETA au kampuni?

mbagala_kwetu
Wakuu habari za mda huu. Mimi kijana wa miaka 21, nilimaliza form four nikapata divisheni four, naishi Mbagala kwa dada angu na saivi nipo kwenye duka la vifaa vya umeme, nabeba mizigo na kupanga mzigo ukishuka. Mafundi AC wanakuja kila siku kuchukua kopa (mabomba ya shaba), gesi, kapasita (kile kidude kinachotunza chaji ya kuwashia mota) na mi nimejikuta naipenda hii kazi yao mpaka nikilala naiwaza.

Sasa kuna njia tatu. Kuna fundi ana kibanda Tandika anataka laki tatu anifundishe "mpaka nielewe", hajasema mda gani. Ya pili VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, ila nasikia nafasi ni za kugombania na masomo hayaanzi mpaka Januari. Ya tatu kuna kampuni inafunga AC maofisini, msimamizi wao alikuja dukani nikamuuliza kama wanachukua wanagenzi (watu wa kujifunza ufundi kazini) akanambia lete barua na CV tuone. CV sijawahi kuandika, sasa mtu wa kubeba mizigo naandika nini? Dada anataka cheti, shemeji anasema cheti hakiliwi nikashike spana. Natanguliza shukrani.

kichwa_ngumu77
Chukua boda ya mkataba mdogo wangu, hizo autidoo (mashine za nje za AC) za ghorofa ya saba zitakushusha bila lifti

FundiBaridi
Huyo hapo juu mpuuze. Dogo laki tatu usiitoe bado. Omba ukae kibandani kwake siku kadhaa kama mtu wa kupiga stori tu, alafu tumia macho.

Kwanza je ana vakyumu pampu, ile ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba, na anaitumia au imewekwa juu ya kabati ipate vumbi? Mafundi kibao wakishafunga mabomba wanaachia gesi kidogo isukume hewa itoke wanafunga nati wanachukua hela wanaondoka, unyevu umebaki humo ndani na kompresa, ile mota inayosukuma gesi, ndo inakuja kulipia. Pili angalia anavojaza gesi. Enzi za gesi ya R22 watu walizoea kushika bomba kwa mkono likipata baridi basi imejaa, ila AC nyingi za saivi ni R410A na R32, presha yake ni kama mara moja na nusu ya R22, geji (vipimo vya presha) zake nyingine, na R410A kwa vile ni gesi mbili zimechanganywa inatakiwa itoke kwenye mtungi ikiwa majimaji ndo maana mitungi mingi unaona inapinduliwa kichwa chini. R32 inashika moto. Friji ndogo za majumbani zenye R600a ndo usiseme, ile ni ndugu wa gesi ya kiberiti, inaingia gramu chache tu lakini mtu akiwasha tochi ya kuchomelea kabla hajaitoa yote na kufungua madirisha basi kazi anayo. Kama fundi wako hasomi hata kibandiko cha nyuma ya friji kujua humo kuna gesi gani, huyo hata akikufundisha bure ni hasara.

Tatu angalia kijana aliyemtangulia. Kama kamaliza mwaka na bado anashikia ngazi na kutumwa chapati, ujue wewe utatumwa maji ya kunywea hizo chapati.

Dada_Spana
FundiBaridi umeongea ukweli mtupu 😂 ila mafundi wa mtaani wazuri wapo jamani tusiwachome wote.

Mdogo wangu mi nimesomea hii fani VETA. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vyao ilikuwa 60,000 kwa mwaka kutwa na 120,000 bweni, kinachouma sio hiyo, kinachouma ni ovaroli, viatu, vifaa na nauli ya kila siku. Matangazo ya kujiunga mara nyingi yanatoka kuanzia Agosti au Septemba kwa ajili ya Januari kwaiyo uwe unachungulia tovuti yao mwenyewe au unaenda kusoma ubao wa matangazo chuoni, na mtu akikwambia tuma hela nikuunganishe na mtu wa ndani mblok hapo hapo. Kuna pia mafunzo ya uanagenzi ambayo serikali imekuwa ikiyalipia kwa vijana wa miaka 15 mpaka 35, yalikuwa yanatangazwa na Ofisi ya Waziri Mkuu upande wa kazi na ajira, hayo yakitoka yana siku chache za kuomba kwaiyo namba ya NIDA na vyeti viwe tayari ndani ya bahasha sio uanze kutafuta cheti cha kuzaliwa siku ya mwisho.

Raha ya chuo ni kwamba unapewa sababu. Mtaani unaambiwa badili kapasita, chuoni unaambiwa kwanini na unafundishwa kuitoa chaji kabla hujaigusa maana ikikutandika hutasahau.

shemeji_wa_wote
Na asiyeenda chuo je? Mi kaka angu kajifunzia gereji toka mdogo hana karatasi hata moja na anawafundisha hao wenye vyeti.

Dada_Spana
Kwa watu kama kaka ako VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wengi wanauita RPL. Wanakuja wanakupima ukiwa unafanya kazi yako, wanakuuliza maswali, penye mapengo unapigwa msasa, ukifaulu unapata cheti. Sio kila fani inapimwa kila mda wala kila mkoa, kwaiyo apite ofisi ya kanda aulizie. Kwaiyo dogo ukianzia mtaani cheti hakijakukimbia, ila uwe na ushahidi, piga picha za kazi, andika kwenye daftari umefunga nini wapi.

Mzee_wa_Ngazi
Nimesoma uzi wote. Mimi nina kakampuni kadogo ka AC na hizo barua ndo nazisoma mimi, kwaiyo nijibu hapo kwenye barua. Kijana weka hapa ulichoandika tukione.

mbagala_kwetu
Shikamoo mzee. Nimeandika hivi:

"YAH: MAOMBI YA NAFASI YA UANAGENZI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mtanzania mwenye umri wa miaka 21, ni mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma. Niko tayari kufanya kazi yoyote, mahali popote na kwa wakati wowote. Ni matumaini yangu ombi langu litapokelewa."

Mzee_wa_Ngazi
Marahaba. Hiyo ninazo droo nzima, majina tu ndo yanabadilika. Kila mtu ni mchapakazi kwenye karatasi. Na hapo kwenye "kazi yoyote" ndo unajiharibia, mtu wa kazi yoyote nampa kazi yoyote, atafagia stoo.

Nikuulize. Mteja akija dukani na kapasita iliyovimba anasema feni ya nje inazunguka ila kompresa inaunguruma tu haiwaki, unampa nini?

mbagala_kwetu
Naangalia namba zilizoandikwa ubavuni mfano 35+1.5 na volti zake, nampa namba ile ile volti zisipungue. Kama maandishi yamefutika namwambia akapige picha kibandiko cha autidoo maana nikikisia itarudi.

Mzee_wa_Ngazi
Na wa kopa ya AC ya BTU 18,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya kupoza)?

mbagala_kwetu
Wengi wanachukua robo inchi na nusu inchi. Ila namuuliza AC ya kampuni gani na anapeleka umbali gani, kuna zingine kitabu chake kinasema tofauti.

FundiBaridi
🔥🔥 kuna mafundi wana miaka kumi hawaulizi umbali

Mzee_wa_Ngazi
Sasa kijana si hiyo ndo CV yako? Unasema huna kitu. Andika kwamba upo duka la vifaa vya umeme tangu lini, unatambua kapasita, saizi za kopa, aina za gesi na mitungi yake, unajua kupokea na kuhesabu mzigo. Andika na kinachokusumbua, kwamba hujawahi kushika geji na ndo unachotaka kujifunza, hiyo mimi inanipa imani kuliko "nina uzoefu mkubwa". Sema unaishi Mbagala na unaweza kufika saa ngapi maana kazi zetu za maofisini zinaanza kabla wafanyakazi hawajaingia. Weka mdhamini mmoja, mwenye duka wako anafaa kabisa, muombe kwanza asije akashtukia simu. Ambatanisha barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, sisi tunaingia ndani kwa watu na vifaa vyetu ni ghali. Ukurasa mmoja tu na usiinakshi.

mbagala_kwetu
Mzee asante sana aisee, sikuwaza kabisa. Na kuhusu hela je, nikiuliza si wataona nina tamaa? Nauli ya kwenda na kurudi dada hawezi kunisaidia mda mrefu.

Dada_Spana
Uliza. Mwanagenzi hali hewa. Kabla hujaanza yajue haya kwa maandishi hata kama ni nusu ukurasa: mda ni miezi mingapi, nauli na chakula nani, ukiumia kazini nani anakutibu, ukivunja kifaa unakatwa au hukatwi, na mwisho wanakupa barua inayotaja kazi ulizojifunza au wanakupungia mkono. Mimi kuna sehemu niliingia kwa mdomo tu nikaambiwa nauli tutaelewana, ikaja kuwa tutaelewana mpaka naondoka.

shemeji_wa_wote
Na huyo wa laki tatu kama bado anamtaka amlipe kidogo kidogo kwa hatua, elfu hamsini akishajua kufunga indoo na autidoo peke yake, nyingine akijua kuchomelea kopa isivuje. Akikataa si jibu hilo.

mbagala_kwetu
Nimeelewa. Naandika upya leo, mwenye duka nishamuomba kakubali ila kanuna kidogo 😅. Barua nipeleke Jumatatu asubuhi mwenyewe au nitume wasapu?

Mzee_wa_Ngazi
Peleka mwenyewe ila sio Jumatatu. Jumatatu asubuhi simu zote za AC zilizokufa wikiendi zinaingia kwa pamoja, msimamizi atakupokea huku anaongea na mtu mwingine. Nenda katikati ya wiki mchana, viatu vya kufunika sio ndala, na VETA nako tangazo likitoka uombe tu hata kama ushapata hapo, tutajua mbele.

kichwa_ngumu77
Dogo ukishaiva nicheki, yangu ya chumbani inadondosha maji kitandani mwezi wa pili huu

FundiBaridi
Bomba lako la maji limeziba wewe, lipulize kwa nje. Elfu ishirini tuma kwa dogo.