Naomba ushauri: niendelee na utafiti wa muundo wa jenomu, au nihamie kampuni ya kuchambua data?

NyuziZaKiini:
Wakuu, habari zenu. Ninakaribia kuhitimu shahada ya uzamivu katika biolojia ya udhibiti wa jeni. Ninachunguza jinsi DNA inavyokunjwa ndani ya kiini cha seli, kwa kuwa takriban mita 2 za uzi huo hubanwa katika nafasi isiyoonekana kwa macho, na mkunjo wenyewe unaweza kuikutanisha jeni na swichi yake, yaani kipande cha DNA kinachoiamsha, iliyo mbali sana. Mbele yangu kuna njia mbili: kuomba nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu katika fani hiyohiyo, au kujiunga na kampuni inayochambua jenomu za wagonjwa, yaani DNA yao yote. Ninyi mngechagua ipi? Silali vizuri.

MzeeWaPipeti:
Kijana, vumilia. Sisi tulianza na mbinu ya 3C, iliyotangazwa mwaka 2002, ambayo ilipima mgusano wa vipande viwili tu kwa wakati mmoja, na hatukulalamika. Hi-C ilipokuja mwaka 2009 na kuonyesha migusano ya jenomu nzima, wenzangu wengi walikimbilia kompyuta na kusahau jinsi seli hai inavyoonekana. Mimi nilibaki mezani, na sijuti.

DadaPromota:
Mzee, hilo hakuliuliza. Ndugu NyuziZaKiini, umetueleza fani yako na kazi uliyoitiwa, lakini hukutaja tasnifu yako imepata nini. Mwenye matokeo ya kujivunia huanza na hayo.

NyuziZaKiini:
Sikuona kama yanahusika. Nilifuta mpaka mmoja kati ya maeneo mawili ya kromosomu, pale ambapo protini ya CTCF hujishika na kuizuia kohesini, protini nyingine inayovuta DNA iwe vitanzi, isiendelee kuvuta kitanzi. Ramani ya migusano ilibadilika waziwazi na maeneo hayo yakaungana, ila jeni za jirani ziliendelea kutoa RNA, yaani kufanya kazi, kwa kiwango kilekile. Msimamizi wangu anataka sura hiyo iwe kiambatisho. Kampuni nimekwisha kuikubalia kwa mdomo, ingawa sijatia saini, na sioni ubaya wowote, kwa sababu nafasi za utafiti hupewa wenye matokeo ya kuvutia, si mtu mwenye jibu la "hakuna kilichotokea".

Mchangamfu:
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Mpekuzi:
Wakuu, mimi nadhani hii ni chai. Mwaka 2017 watafiti waliiondoa kohesini katika seli, vitanzi vikatoweka, na jeni nyingi zikabadilika kidogo tu. Mwaka 2019 nzi wa matunda wenye kromosomu zilizopangwa upya wakaonyesha jambo linalokaribiana na hilo. Mtu amesoma makala hizo, akajitungia mkasa. Kama ni kweli, atujibu mawili: alifuta mpaka katika nakala zote mbili za kromosomu? Na swichi iliyo upande wa pili ilikuwa hai katika seli hizo?

NyuziZaKiini:
Nakala zote mbili, katika koloni mbili za seli, kila koloni ikiwa imekuzwa kutoka seli moja na kutengenezwa kivyake. Swichi haikuwa hai: alama ya asetili kwenye histoni (protini ambazo DNA huzizunguka), inayoonyesha swichi iliyo hai, haipo pale, bali huonekana katika seli za kiungo kinachokua. Tulichagua seli hizi kwa sababu zinastahimili uhariri wa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali unapotaka, na kwa swali la umbo zilifaa kabisa.

Mpekuzi:
Haya, mtunzi asingekumbuka koloni mbili.

DadaPromota:
Ukibomoa ukuta kati ya vyumba viwili visivyo na mtu, usishangae kutosikia kelele. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba kuvurugwa kwa mipaka karibu na jeni ya EPHA4 huziacha swichi zake ziamshe jeni nyingine katika kiungo kinachokua, na vidole vya watu na panya vikaumbika vibaya. Tofauti kubwa ni kwamba swichi hizo zilikuwa zikifanya kazi. Geuza seli zako ziwe za aina hiyo, kisha pima tena.

NyuziZaKiini:
Ufadhili wangu utaisha kabla sijamaliza kuzigeuza, na kampuni haitanisubiri.

DadaPromota:
Basi usizigeuze. Irudishe sura hiyo ndani ya tasnifu, ueleze hali ya swichi na jaribio linalofuata, ili mwingine aliendeleze. Wala usidhani huko uendako utalikwepa swali hili. Sehemu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini haifiki asilimia 2 ya jenomu ya binadamu, hivyo mgonjwa aliyepoteza kipande cha DNA kisicho na jeni ataletwa mezani kwako, na daktari atataka kujua kama mpaka uliofutika una maana katika kiungo kinachougua. Kabla ya kutia saini, waulize kama wanazo data za migusano za aina hizo za seli, au wanasoma mfuatano wa herufi za DNA peke yake.

NyuziZaKiini:
Hilo sikuwauliza. Nitawaandikia leo.