Waliowahi kupanga nyumba moja na watu wa mataifa mengine wakiwa masomoni, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Majengo, Moshi

Wakuu, salaam. Mdogo wangu wa kike amepata nafasi ya uzamili Ujerumani, mji wa Kassel. Mungu akipenda, mwishoni mwa mwezi wa tisa tunamsindikiza uwanja wa ndege wa KIA. Jumamosi tulikuwa pale Memorial tunachambua makoti ya mtumba, nikamuuliza atakaa na nani. Akanionyesha picha ya jiko kwenye simu: vyumba vinne, Mjerumani, Mhindi, Mkolombia na yeye. Basi, zaidi ya hapo hajui kitu, na mama hapati usingizi.

Nianze na yangu. Nilikwenda Pune, India, mwaka 2013. Tukapanga wasichana wanne: mimi, Mrwanda, Msudani na Mnepali. Viza zetu zilizidi siku 180, kwa hiyo tulitakiwa kujiandikisha ofisi ya wageni ndani ya siku 14, na ofisi ilitaka karatasi za mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaarabu sana. Mkataba ulikuwa wa miezi 11 kama ilivyo desturi ya kule, na alimpa dalali neno moja atufikishie: ndani msipike nyama wala samaki. Dalali alichukua kamisheni yake, neno hakulifikisha.

Wiki ya tatu nikafungua dagaa wa Mwanza niliofungiwa na mama. Nikawakaanga na kitunguu na nyanya, madirisha wazi, moyo wangu mweupe. Ngazi nzima ikapata habari. Jioni mzee akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, akaongea taratibu mpaka nikaona aibu. Ila kilichoniumiza zaidi ni Mnepali wetu. Kikaango nilichotumia kilikuwa chake, amepewa na mama yake, na familia yao haikuwa inakula nyama wala samaki. Hakunigombeza. Alikiosha, akakiosha tena, akakiweka juu ya kabati, na hakukigusa mpaka tunahama.

Siku tatu tulipishana kwenye korido kimya. Nyumbani ningekwenda na jani la isale, na mtu akiliona anajua nimekuja kuomba msamaha. Kule sikuwa nalo. Nikanunua kikaango kipya, nikamfuata chumbani, nikakaa chini nikamweleza yote. Alilia, na mimi nikalia. Usiku ule ule tukawaita wale wawili, tukagawana vyombo, kila mtu akasema kwao nini hakiliwi na nini hakichanganywi. Mambo ambayo tungeulizana siku ya kwanza kwa nusu saa!

Ninyi mliopita huko, leteni yenu. Nataka nimsomee mdogo wangu.

Mdau wa Njiro, Arusha

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mimi sitaongelea chakula. Naomba mdogo wako asome mkataba, na asome sehemu ya nani analipa nani akiondoka.

Nilikuwa Leeds, Uingereza, 2021. Tulikuwa watano, Mnigeria, Mgiriki, Wachina wawili na mimi, wote tumesaini karatasi moja. Mimi nikadhani nadaiwa cha chumba changu tu, kama ambavyo hapa Njiro mkipanga watatu kila mtu anajua fungu lake. Kumbe mkataba wa pamoja kule unawafunga wote kwa kodi yote. Februari Mgiriki akaacha chuo akarudi kwao. Kodi yake ikatugeukia sisi wanne.

Halafu likaja la pili. Nyumba ambayo wote ndani ni wanafunzi wa muda wote hailipiwi kodi ya halmashauri. Tukamtafuta mtu wa kujaza kile chumba, tukampata kijana mwema kabisa, ila ni mfanyakazi. Msamaha ukaondoka siku aliyoingia, bili ikaja, na yeye hakuwa ameambiwa. Tulikaa naye mezani tukachanga, kwa sababu sisi ndio tuliomwita. Yule kijana tunaandikiana mpaka leo.

Cha kushukuru, dhamana ilikuwa salama. Sheria yao ya 2019 inazuia dhamana kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko unaotambulika ndani ya siku 30. Siku ya kuingia tulipiga picha kila kona, hata doa la zulia. Picha zile ndizo zilizoturudishia hela yetu.

Mdau wa Kiboriloni

China, bweni la wanafunzi wa kigeni, chumba kimoja na Mpakistani. Yeye anaamka alfajiri kuswali, mimi nalala saa nane usiku. Tulinunua pazia zito na taa ndogo ya mezani, mambo yakaisha. Wanaotaka kupanga nje ya chuo wajue lazima waripoti polisi ndani ya saa 24. Mengine salama.

Mdada wa Sakina, Arusha

Mwanzisha mada, nimekaa Ujerumani miaka mitatu, nyumba ya kushea kama hiyo. Mwambie mdogo wetu haya.

La kwanza kabla ya yote: aulize kama mwenye nyumba mwenyewe anamjua, au anapangishwa na mpangaji kimya kimya. Ndani ya wiki mbili za kuhamia anatakiwa kujiandikisha manispaa, na hawamwandikishi bila barua ya aliyempa nyumba. Bila uandikishaji, benki na kibali cha kukaa vinakuwa vigumu. Mimi nilipangishwa na dada mmoja aliyenizungusha hiyo barua wiki tano. Nilikonda.

Kuna ada ya redio na televisheni, wakati wangu ilikuwa yuro 18.36 kwa mwezi. Inalipwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Wakiwa wanne ni yuro 4.59 kila mmoja. Mmoja anaandikishwa, wengine wanamchangia kama tunavyochangiana umeme wa Luku. Akipata barua ya kudaiwa peke yake asiogope, ajibu kwa namba ya yule anayelipa.

Taka wanazitenganisha: karatasi kwake, vifungashio kwake, mabaki ya chakula kwake, na chupa za vioo zinapelekwa kwenye mapipa ya mtaani kwa rangi zake. Jumapili usizitupe, kelele ya vioo inahesabika. Saa nne usiku mpaka alfajiri ni utulivu. Na madirisha! Baridi ya kuuma, wao wanafungua wazi dakika kadhaa kisha wanafunga, nyumba isiote ukungu. Nilidhani yule Mjerumani wetu ananifanyia ubaya.

Huyo huyo ndiye aliyenibandikia karatasi kwenye friji: zamu yako ya kufagia ilikuwa Alhamisi, leo Jumamosi. Jina langu na mstari chini yake. Kwetu mtu anayekuheshimu hakuaibishi mbele ya wenzako, anakuvuta pembeni, au anamtuma mtu. Niliumia wiki nzima. Kisha nikaugua mafua makali, na ni yeye aliyekaa jikoni akapika supu, akagonga, akaniletea na dawa, na risiti ya dawa juu yake. Nikamlipa. Hapo ndipo nilipomwelewa: kwake karatasi haikuwa chuki, na risiti haikuwa uchoyo. Nilimwambia siku moja kwamba kwetu tunaongea kwanza, ndipo tunaandika. Kuanzia hapo aligonga mlango.

Kuhusu dagaa: samaki kwa matumizi yako wanaruhusiwa kuingia Ulaya, mpaka kilo 20. Nyama na maziwa hapana, hata kidogo.

Mdau wa Tengeru

Mimi sikwenda nje, nje ilinijia. Nilisoma hapa hapa Taasisi ya Nelson Mandela, tukapanga nyumba Tengeru na Mhabeshi na Mkameruni. Mhabeshi wetu, Mwothodoksi, Jumatano na Ijumaa hagusi nyama, maziwa wala mayai, na kabla ya Pasaka anafunga siku 55. Tukawa tunapika makande, maharage na mboga siku hizo kwa wote, akaacha kula peke yake.

Nilichokipenda ni saa. Wahabeshi wanahesabu kama sisi, jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Siku ya kwanza nilimwambia tuondoke saa mbili asubuhi, akaitika kawaida. Mkameruni akatungoja macho makavu tangu usiku wa manane! Ilibidi kila miadi tumtajie mara mbili.

Jumapili Mhabeshi alichoma kahawa mwenyewe, vikombe vitatu kwa kila mtu, na cha tatu jina lake ni baraka, kwa lugha yao, karibu sawa na yetu. Hukuruhusiwa kuondoka kabla ya hicho. Ugomvi wa wiki nzima, wa maji, wa vyombo, uliletwa pale na ukaishia pale.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mungu awabariki. Nimempigia mdogo wangu sasa hivi akiwa kwenye daladala: kumbe aliyempa chumba ni huyo Mjerumani, siyo mwenye nyumba. Tumemwandikia barua pepe tukiuliza kuhusu ile barua ya manispaa, na tukauliza pia nani anakula nini. Mdada wa Sakina, jibu likija kwa Kijerumani nitakuletea hapa.