Miradi minne kwa mpigo, na bodi inataka nambari moja: mnapimaje mapengo ya kisheria?

Mwanasacco_Nakuru:
Hamjambo wenzangu. Nasimamia uzingatiaji wa sheria katika sacco inayopokea amana hapa Nakuru. Bodi imepitisha miradi minne kwa pamoja: mfumo mkuu mpya wa kompyuta unaotunza akaunti za wanachama, programu ya mikopo ya simu, mawakala wa vijijini, na kuingiza mafaili ya wanachama kwenye kompyuta. Meneja mmoja anaripoti "asilimia 95 tayari", mwingine anapaka mradi wake rangi ya kijani tu, kumaanisha mambo ni shwari. Bodi inataka nambari moja kila robo mwaka. Nahofia nambari hiyo itawatuliza ilhali hatari ipo palepale. Nyinyi mnafanyaje?

Bi_Kanuni:
Ndugu yangu, asilimia usiwape. Masharti hayana uzito sawa. Mradi hutimiza masharti 19 kati ya 20, na lile moja lililobaki likausimamisha wote. Kumbuka Kadi ya Huduma, ile kadi ya utambulisho ya serikali: Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah wa Mahakama Kuu alibatilisha uamuzi wa kuzitoa kwa sababu tathmini ya athari za ulinzi wa data haikufanywa kwanza, kama kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinavyotaka. Wakati huo watu walikuwa wameshaandikishwa nchi nzima.

Mimi nahesabu mapengo yenyewe, yaani masharti ya sheria ambayo bado hayajatimizwa, miradi yote katika daftari moja. Kwa kila pengo naandika kama linazuia uzinduzi au la, nani analibeba kwa jina, na siku ya mwisho ya kisheria. Hiyo siku ndiyo wengi huikosa, maana wanadhani ni siku ya uzinduzi yenyewe. Ripoti ya ile tathmini hupelekwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza kuchakata. Programu yako ya mikopo ikizinduliwa tarehe 1 Septemba, ripoti iwe imefika kufikia tarehe 3 Julai. Tarehe 4 Julai pengo hilo halizibiki tena bila kusogeza uzinduzi, hata meneja akiwa na asilimia 95 yake.

Na kama programu itaamua yenyewe nani apewe mkopo, soma kifungu cha 35 kabla fundi hajamaliza kuiunda. Mwanachama ana haki ya kutoamuliwa na mashine pekee.

Mkaguzi_Kisumu:
Naunga mkono, ila bodi bado itadai nambari. Wape hii: mapengo mangapi yanayozuia uzinduzi yamepitisha siku yake. Ikiwa ni sifuri, sawa. Ikiwa ni mawili, yatajwe kwa majina mezani. Halafu meneja mradi asifunge pengo lake mwenyewe. Afunge mkaguzi baada ya kuona ushahidi.

Kwenye mfumo mkuu angalia jambo moja linalosahaulika sana: ule wa zamani. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inataka kumbukumbu za miamala zitunzwe angalau miaka saba. Nimeona taasisi ikizima seva ya zamani baada ya kuhamisha salio pekee, na historia ya miamala ikabaki kwenye diski ambayo hakuna programu ya kuifungua.

Mwanasacco_Nakuru:
Asanteni sana. Lakini nikianza kuhesabu hivi, mameneja watayaficha. Mmoja alikaripiwa mbele ya bodi, na tangu siku hiyo ripoti zake hazina doa.

Bi_Kanuni:
Basi ongeza safu moja: pengo liligunduliwa hatua gani. Lililoonekana kwenye mchoro wa awali limhesabie meneja vizuri, na lililoonekana wiki ya uzinduzi ndilo liulizwe. Zungumza na mwenyekiti wa bodi faraghani juu ya hili kabla ya kikao, maana yeye ndiye anayeamua nani akaripiwe.

Kisha tazama daftari kwa mapana. Pengo lilelile likijitokeza kwa mawakala, kwenye mfumo mkuu na kwenye mafaili, usilizibe mara tatu. Mara nyingi ni mkataba wa wazabuni usio na masharti ya data, na kifungu cha 42 kinataka mkataba wa maandishi na yeyote anayekuchakatia data. Nenda ofisi ya ununuzi, rekebisheni kiolezo chenyewe cha mkataba. Mikataba iliyokwisha kusainiwa itahitaji nyongeza, na hapo wakili wenu aanze na mzabuni wa mfumo mkuu, kwa kuwa ndiye atakayeshika data za wanachama wote.