Kinamama wa Uyole tunataka mfuko wa kusaidia mtaa, hela akae nayo nani?

Mama Wawili

Habari zenu wapendwa, poleni na baridi, huku Uyole, Mbeya, asubuhi hata kushika maji ni kazi. Naomba mawazo yenu. Tuna kikoba chetu cha kinamama, tunanunua hisa, tunakopeshana, mwisho wa mwaka tunagawana, hakijawahi kuleta shida kubwa. Sasa juzijuzi mwenzetu alienda kumwona binti jirani kajifungua, akakuta mtoto kaviringishwa kwenye shati la baba yake, kanga hata moja hakuna na mama mwenyewe anakunywa chai ya rangi tupu. Tukachangishana hapohapo kikaoni, tukanunua doti ya kanga, sabuni, sukari na unga wa lishe tukapeleka. Tangu siku hiyo watu wamepata moyo wanasema tuwe na mfuko kabisa, kila mtu buku mbili kwa wiki, sio hisa wala mkopo, ikitoka imetoka.

Kasheshe ndo inaanzia hapo. Kuna mwenye uwezo anataka atoe elfu kumi afu yeye ndo aseme nani asaidiwe, mwingine anataka madawati, mwingine pedi za mabinti wa sekondari, mwingine anasema kwanza tukifiwa sisi wenyewe. Na hela akae nayo nani? Katibu wetu ni mwaminifu sana ila mume wake ana bajaji inakufa kila siku, mnanielewa 😅. Nawasilisha.

Shangazi wa Mwanjelwa

Dada hongereni. Cha kwanza msichanganye na kikoba hata shilingi. Najua mna mfuko wa jamii ndani ya kikoba, ule ni wenu mkiuguliwa au mkifiwa, uacheni hukohuko, na huyo anayesema "kwanza sisi" jibu lake ndo hilo. Huu mpya uwe na daftari lake na pa kukaa pake. Kuna kikundi hapa sokoni cha wauza mitumba walichanganya, ilipofika siku ya kuvunja kila mtu anadai mgao na kile kilichochangwa kwa ajili ya wagonjwa nacho kikagawanywa, watu wakanunulia masufuria.

Na huyo wa elfu kumi apokelewe kwa mikono miwili ila kura yake iwe moja kama ya yule wa buku mbili. Asipotaka basi akasaidie kivyake, hajakatazwa. Ukimwachia achague leo, kesho wasaidiwa wote watakuwa wapangaji wake.

Kijana Mbalizi

Mama mnajichosha na buku mbili, sajilini kikundi halmashauri mchukue mkopo usio na riba wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, mtasaidia kata nzima.

Shangazi wa Mwanjelwa

We mdogo wangu unataka kuwafunga wenzio. Ule mkopo ni kweli upo, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, lakini ni wa biashara na unarudishwa. Ukikopa ukanunua kanga za wazazi marejesho utatoa wapi, kwenye kanga?

Bibi Maendeleo

Naongezea hapo kwenye usajili. Kikoba kinachokopesha kinatakiwa kisajiliwe, ndivyo ilivyo tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, kwahiyo kama hamjafanya nendeni. Huu mfuko wa kuchangia nao mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze, maana mkianza kuingia mashuleni na zahanati mtaulizwa nyie ni nani. Kuhusu hela, sanduku la kufuli tatu linafaa kikaoni ila kulilaza nyumbani kwa mtu siku hizi ni kumtafutia wezi. Fungueni akaunti ya kikundi ya watia saini watatu, au hizi za kwenye simu kama M-Koba, hela haitoki kwa kidole cha mtu mmoja. Hapo bajaji hata ikifa mara kumi katibu yuko salama 😂

Mjukuu wa Rungwe

Mimi madawati ningewaachia serikali. Ada imefutwa tangu 2016 sawa, ila mtoto anayekaa mpaka saa nane bila uji bado ni wetu wazazi. Na kwa huku kwetu sio lazima iwe pesa! Wakati wa mavuno mwanamke wa Uyole anaweza asiwe na buku mbili ila hakosi debe la mahindi, anayelima viazi naye atoe viazi. Mwalimu apokee mbele ya kamati ya shule, ipimwe na iandikwe. Mkikusanya hela mwaka mzima mtamkosa yule mama wa shambani ambaye kipato chake kinakuja mara moja.

Halafu kwa kinamama wanaojifungua, kabla ya kununua muulizeni nesi wa zahanati kinachopungua. Watu wanapeleka kanga kumi wakati mama anahangaikia glovu, pamba na nauli ya bodaboda usiku. Na jamani picha! Msimpige picha mtu anapokea sabuni afu mkaitupia status, ana wakwe huyo.

Mama Wawili

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Shangazi nimecheka hapo kwenye wapangaji, maana huyo dada kweli ana nyumba za kupanga 🙈. Nimewasomea wenzangu jioni hii, akaunti ya watia saini watatu imepita, kura moja kwa kila mtu imepita kwa kunung'unika, na picha tumekubaliana ni ya risiti tu kwenye grupu letu. La mahindi wamelipenda mno, tunaanza na uji wa darasa la kwanza na la pili. Pedi bado zina mvutano, kuna mama anasema anaona aibu kulisema hilo mbele ya mwalimu mkuu mwanaume. Mjukuu wa Rungwe, kwenu huwa mnapitia kwa nani?

Mjukuu wa Rungwe

Mwalimu wa malezi, ombeni awe wa kike. Mkabidhini yeye kabati na ufunguo, mabinti wanachukua bila kuandikwa jina, nyie mnahesabu pakiti zilizobaki tu.